Vilengeo Viwili na Dawa ya Mmoja

Sogeeni, na anayetaka kulala akalale sasa hivi. Hadithi yangu haina wimbo wa kuitikia, wala sungura hayumo. Ina swali, na swali lenyewe nitawaachia ninyi kwa sababu mimi limenishinda. Mwisho wake mkikaa kimya, nitajua mlikuwa mnanitazama mdomo tu.

Palikuwa na kijiji kinaitwa Itundwe, bondeni, ng'ambo ya mto Chilulu. Pembeni ya kijiji palikuwa na kituo kidogo cha askari wa wanyamapori, na mkabala wa kituo palikuwa na darasa la chekechea ambalo kuta zilikuwa zimesimama lakini mlango ulikuwa bado. Kwenye kituo hicho na kando yake waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nakazwe. Alikuwa askari, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Kipaji chake kilikuwa utulivu. Nyati akimjia mbio, wenzake wakipanda miti, yeye alisimama kama mtu anayesubiri uji upoe. Lakini alikuwa na ila moja. Alipobana kidole kufyatua, mkono wake ulivuta kulia. Kwa hatua ishirini tu risasi yake ilikwenda kulia shubiri nzima, na hakuna mkufunzi aliyewahi kumponya.

Wa pili ni fundi Silwimba, mhunzi. Alifua majembe na visu kama wahunzi wote, lakini jina alilipata kwa kitu kidogo kuliko ukucha. Bastola, kama hamjawahi kuiona karibu, na Mungu awaepushe, ina kinundu cha chuma mbele, juu ya mtutu, na nyuma ina kipande chenye pengo. Mlengaji hukiweka kinundu katikati ya pengo ndipo afyatue. Kinundu na pengo kwa pamoja, pale Itundwe walikiita kilengeo. Silwimba alitengeneza vilengeo kwa tupa na mkono.

Ukimpelekea bastola hakuigusa kwanza. Alikupa jembe ulime mbele yake. Alikutazama ukila. Kisha alikupeleka korongoni upige risasi saba kwenye kipande cha gome, naye akasimama nyuma akitazama mabega yako, wala hakulijali gome. Baada ya hapo alijifungia siku mbili na tupa yake. Kilengeo alichokurudishia hakikuwa kimenyooka. Kilikuwa kimepinda vilevile ulivyopinda wewe, ila upande wa pili, ili makosa yako na yake yakikutana risasi iende ilikotumwa. Cha Nakazwe alikipinda hivyo, na tangu siku ile Nakazwe hakukosa tena. Mtu mwingine akiishika bastola hiyo hakupata hata ukuta. Fundi mwenyewe alipojaribu, alilikosa rundo zima la maboga bustanini kwa mkewe, na mkewe akamcheka hadi jioni.

Wa tatu ni Simbeye, ambaye watu wote walimwita Bwana Stoo. Yeye ndiye aliyetunza ghala la kituo. Hakuwa mpigaji. Maishani mwake hakuwahi kufyatua risasi hata moja, na mlio wa bunduki ulimfanya afumbe macho. Kipaji chake kilikuwa mpangilio. Risasi zake zilikuwa kavu hata masika, kila kitu kilikuwa mahali pake, na ukimwamsha usingizini ukamwuliza skrubu ya nne iko wapi, alikuonyesha kwa kidole bila kufumbua macho. Yeye alivipenda vilengeo vya kiwandani, vile vinavyokuja katoni moja hamsini, vyote sawa, ukivichanganya hujui kipi ulishika kwanza.

Silwimba na Simbeye walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

"Bwana Stoo," fundi alimwambia, "wewe unawavisha watu wote kiatu namba moja, halafu unashangaa wakichechemea."

"Na wewe fundi unamshonea mtu mmoja kiatu. Siku akivunjika mguu, nani atakivaa?"

"Akivunjika mguu atapona, atakivaa mwenyewe."

"Na akifa? Kilengeo kizuri ni kile ambacho mwenye nacho akianguka, mwenzake anaokota bastola na kazi inaendelea."

Nakazwe alikuwa akiwasikiliza huku akisafisha bastola yake. "Nyinyi wawili," alisema siku moja, "mnazungumzia kifo changu kana kwamba mimi nimetoka nje kidogo."

Kituo kilikuwa na bastola mbili. Moja ni ya Nakazwe, yenye kilengeo cha mkono. Ya pili ilikuwa ya akiba, nayo ilivaa kilengeo cha katoni. Silwimba aliitamani hiyo ya pili. Mara tatu alikuja kuomba aikwangue kidogo, airekebishe, na mara tatu Simbeye aliifungia kabatini na kutia ufunguo mfukoni. Kisha ikaja barua kutoka juu: vilengeo vyote vya mkono ving'olewe, silaha zote zivae vya katoni. Simbeye aliisoma akafurahi. Lakini siku ya kwanza hakuking'oa cha Nakazwe, wala ya pili, na wiki tatu zikapita barua ikiwa mezani. Mwenyewe alisema alikuwa akisubiri bisibisi nzuri. Mimi nadhani alimwogopa Nakazwe, au labda alimheshimu, na kwa mtu kama yeye hayo mawili yalifanana.

Asubuhi ya Jumatano, saa nne, aliamua. Alitoa bastola zote mbili akaziweka mezani, akashika bisibisi. Habari ilimfikia Silwimba akiwa kazini, chuma kikiwa motoni, akaja mbio akiwa bado ameshika koleo lake lenye mikono mirefu.

"Ukikigusa hicho," alisema, "nitakung'oa na wewe."

"Fundi, ni amri."

"Bwana Stoo," Nakazwe alisema, "niachie leo tu. Kesho ukitoe."

Simbeye aliwatazama, akaiweka bisibisi chini. Ndipo waliposikia watoto wanalia kwa sauti moja.

Fisi alikuwa amekuja mchana kweupe. Fisi mzima hafanyi hivyo, na huyu hakuwa mzima. Alikuwa akipepesuka, udenda mweupe umemjaa kifuani, macho hayamtambui mtu. Itundwe walikuwa wanaujua ugonjwa huo. Mwaka uliotangulia jirani yao Sichone aling'atwa na mbwa, akapuuza, na mwezi wa pili akaanza kuogopa kikombe cha maji. Walimfunga kitandani kwa kanga. Siku tatu kijiji kizima kilimsikia, na siku ya nne hawakumsikia tena. Tangu hapo hata watoto walijua kwamba mnyama mwenye kichaa cha mbwa akishakung'ata na dawa ikakosekana, hakuna mganga atakayekusaidia.

Fisi aliingia palipotakiwa kuwa na mlango. Ndani kulikuwa na watoto thelathini na mmoja na mwalimu wao, ambaye alikuwa amewasukumia kwenye kona na kuwakinga kwa benchi. Mtoto mmoja, Yustina, wa miaka mitano, alichelewa. Fisi alimdaka kwenye bega la sweta na kuanza kumburuta.

Nakazwe alinyakua bastola yake mezani akafika wa kwanza. Alisimama hatua kumi na tano kutoka kwa fisi. Kichwa cha fisi na kichwa cha mtoto vilikuwa vimeachana vidole vitatu, na mtoto alikuwa upande wa kulia. Sasa mkumbuke ila yake. Kwa kilengeo cha katoni risasi ingevuta kulia, na kulia alikuwapo Yustina. Nakazwe alikiweka kinundu katikati ya pengo alilotengenezewa na Silwimba akimtazama analima, akabana kidole. Risasi ilimpata fisi shingoni karibu na bega, akaachia sweta. Meno hayakuwa yamegusa ngozi ya mtoto. Baadaye nesi wa zahanati alimvua nguo zote akamkagua mara tatu, kwa hiyo huyo mwondoeni kwenye hesabu zenu.

Lakini fisi hakufa. Nakazwe alipoingia kumwokota mtoto, fisi alimgeukia na kumng'ata mkono wa kulia, mifupa ikasikika, bastola ikaruka chini ya ukuta. Nyuma ya fisi walikuwa watoto, na watoto hawakuwa na mahali pengine pa kutokea.

Silwimba alifika na koleo. Angeweza kuliacha likabaki kituoni, angeweza kusimama nje akapiga kelele kama wanaume wengine wanane waliokuwa wameshafika, na majina yao ninayo lakini leo sitayataja. Aliingia. Alimbana fisi shingo kwa koleo, akamtoa mkononi mwa Nakazwe na kumkandamiza sakafuni kwa uzito wake wote. Fisi alijipinda akamchana mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo. Silwimba alitukana matusi ambayo watoto wale waliyakumbuka hadi walipokuwa watu wazima, lakini koleo hakuliachia.

Simbeye alifika na bastola ya pili. Hakujua kuitumia. Angeweza kuirusha kutoka pale nje, ikaanguka popote. Alitembea mpaka ndani, akapita karibu na kichwa cha fisi kwa sababu njia nyingine haikuwapo, akamwekea Nakazwe bastola mkono wa kushoto na kumfunga vidole mmoja mmoja kwenye kitako chake. Wakati anafanya hivyo fisi alimng'ata shavu la mguu. Simbeye hakuruka. Alimaliza kidole cha mwisho ndipo akaanguka.

Nakazwe alikuwa hajawahi kupiga risasi kwa mkono wa kushoto, wala hajawahi kuishika bastola ile. Alifumba jicho moja, akakiweka kinundu katikati ya pengo, akafyatua. Risasi ilimwingia fisi chini ya sikio, na kelele zikabaki za watoto peke yao.

Mnaona ilivyokuwa? Haya, ngojeni, bado.

Mwenyekiti wa kijiji alifika akiwa analia kwa furaha, maana mjukuu wake alikuwa mle ndani. Papo hapo akatangaza dume la ng'ombe kwa mtu aliyewaokoa watoto. Mtu, alisema, mmoja. Na wale watatu, damu ikiwatoka, wakaanza kubishana.

"Dume ni langu," Silwimba alisema. "Bila kilengeo changu mngekuwa mnachimba kaburi dogo sasa hivi."

"Na cha pili kilikuwa cha katoni," Simbeye alijibu akiwa amelala chini. "Mwenyekiti, muulize. Muulize kilengeo chake kingefanya nini mkono wa kushoto."

Mwenyekiti akamwuliza. Silwimba alikuwa na kiburi, lakini kwenye kazi yake hakuwahi kusema uongo. Alifikiri kidogo, akapima kwa jicho mahali aliposimama na koleo.

"Mkono ule hauvuti kulia. Kingeipeleka risasi kushoto, kingeniua mimi," alisema.

"Na ningekubali nikupe ile ya pili uikwangue, je?" Simbeye aliuliza.

"Ingekuwa hivyohivyo."

"Kwa hiyo dume ni langu."

"Na ungeking'oa changu siku barua ilipofika, je? Yustina angekuwa wapi?"

Nakazwe aliwaambia kwamba vilengeo havijifyatui, na dume lake walichinje Jumapili. Watu walicheka. Huo ndio ulikuwa ucheko wa mwisho siku ile, kwa sababu nesi alikuwa ameingia na ndoo ya maji na sabuni, na hakuwa anacheka.

Nesi Namfukwe aliwaosha majeraha muda mrefu, maji yakimwagika, bila kujibu salamu ya mtu. Kisha akasimama mbele ya Mwenyekiti.

"Mzee, acha habari za ng'ombe. Hawa wote wameng'atwa na fisi mwenye kichaa. Dawa iliyobaki kwenye jokofu langu ni ya mtu mmoja."

"Nyingine ziko wapi?"

"Ng'ambo. Na daraja unajua lilipo."

Wote walijua lilipo. Lilikuwa limechukuliwa na Chilulu siku sita nyuma, na mvua zilikuwa zikiendelea. Nesi alikuwa ameshapiga simu hospitali ya wilaya na kuambiwa wasubiri maji yapungue. Labda siku kumi. Labda mwezi.

"Igawe," mtu mmoja alisema.

"Nikiigawa, wote watatu watakuwa wameanza na hakuna aliyemaliza. Maji yasipopungua kwa wakati nitazika watu watatu. Hilo sifanyi."

"Na kuosha kule? Hakusaidii?"

"Kunasaidia. Kuna wanaopona kwa kuoshwa peke yake. Siwadanganyi, ni wachache, na mikono na miguu yao mmeiona."

Ninamjua mmoja wenu hapa bado anataka igawanywe. Nesi amekataa, na mwenye sindano ni nesi. Tuendelee.

Mwenyekiti alikaa kwenye benchi la watoto, magoti yakamfika kidevuni. Alisema kwamba kijiji kimeshaahidi zawadi kwa aliyewaokoa watoto, na sasa zawadi ni hii. Kila mmoja aseme, kijiji kiamue. Mimi jambo hili linaniuma hadi leo, kwa sababu dakika chache tu kabla ya hapo walikuwa wakijisifia nyama, na sasa kwa maneno yaleyale ilibidi waombe kuishi.

Silwimba alisema kwanza. "Naogopa. Nilimwona Sichone, mimi ndiye niliyemshika miguu. Sitaki kufa vile. Na nawaambia jambo jingine. Hakuna mtu niliyemfundisha kazi yangu, nilidhani muda upo. Nikiondoka, imeondoka. Nakazwe atapata kilengeo cha katoni na siku moja atamuua mtoto aliye upande wa kulia. Bwana Stoo naye, nisameheni, ni kama vilengeo vyake. Serikali ikimkosa huyu italeta mwingine ndani ya sanduku."

Watu waliguna. Hakuna aliyemkemea, na hilo Simbeye aliliona.

Nakazwe alisema wa pili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa shuka na shuka ilikuwa imelowa. "Mimi sina sifa ya kuongeza. Fisi huyu hakuugua peke yake, kuna aliyemng'ata, na kuna wengine aliowang'ata yeye. Watakuja. Kati ya watu wote wa Itundwe, nani atasimama hatua kumi na tano? Mnipe mimi, na si kwa leo. Kwa kesho. Mkono wa kushoto ninao, na wote mmeona unavyofanya kazi." Kisha akaivuta ile shuka ikaze. "Na mimi pia naogopa. Nilidhani siogopi kitu. Ningependa mlijue hilo."

Simbeye alikuwa wa mwisho. Mkewe alitaka kumsemea, akamzuia kwa mkono.

"Fundi amesema kweli," alianza. "Kazi yangu mtu yeyote anaweza kuifanya. Niliipanga hivyo makusudi. Kila kitu stoo nimekiandikia jina na mahali pake, ili nikiondoka asiyenijua akute kila kitu. Miaka kumi na saba nimefanya kazi ili nisihitajike. Sasa naambiwa kwa sababu hiyo nife." Alimgeukia Silwimba. "Vilengeo vinatoka katoni, fundi. Mimi mama yangu hakunitoa kwenye katoni. Alinizaa mmoja. Na yule fisi aliponing'ata mguu, bado nilikuwa na vidole viwili vya kufunga. Ningeweza kuviacha."

Silwimba aliinamisha kichwa. Akafungua kinywa kama anataka kusema chukueni ninyi, nipeni mimi wa mwisho, na mimi namwapia aliyataka maneno hayo kwa moyo wake wote. Hayakutoka.

Nje Chilulu ilikuwa ikisikika. Nesi alirudi kutoka zahanati na kisanduku cheupe, akakifungua juu ya meza ya mwalimu, akavunja pakiti ya sindano.

"Mkono mmoja," alisema. "Nionyesheni mkono mmoja."

Alipoinua macho, wote watatu walikuwa wameshakunja mikono ya shati. Silwimba mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umechanwa. Nakazwe wa kushoto pia, amejikunjia kwa meno. Simbeye alikuwa amekunja yote miwili, sawasawa, mikunjo mitatu kila upande. Mwenyekiti alimtazama nesi, nesi akawatazama watu, na watu wakatazama sakafu.

Hapo ndipo mimi ninapoishia kila mara, miaka yote. Ninyi je? Mtampa aliyefua kitu ambacho hakuna mwingine anayekijua, au mwenye jicho na mkono, au aliyeleta kinachofaa kwa kila mkono? Lakini msinitajie wa kupewa. Kumtaja huyo ni rahisi, hata Mwenyekiti angeweza. Wewe uliyekaa karibu na mlango, wewe unayejifanya unafunga kamba za viatu, na wewe unayetaka igawanywe: mko mbele yao sasa. Nitajieni wawili mtakaowaambia wakunjue mikono ya shati zao, na muwaambie wakiwa wanawatazama usoni.